Kabla Hujafungua Injini, Lipia Jicho

Ukiingiza pikapu inayotoa moshi wa buluu katika gereji yoyote ya Makutano, Meru, hukumu huja kabla ya swali la tatu. Fundi huuliza inakula oili kiasi gani, huweka kiganja kwenye eksozi, hunusa, halafu husema: "Mkubwa, hii lazima tufungue tuone." Mwenye gari, ambaye kichwani tayari anahesabu hasara ya siku ambazo gari halitapanda Maua kuchukua miraa, huitikia tu.

Ninaipinga sentensi hiyo. Fundi simpingi, maana mara nyingi ameisema kwa nia njema na mara nyingi injini hiyo kweli ilihitaji kufunguliwa. Ninapinga mpangilio wake: kufungua kwanza, kuona baadaye, na bei kutajwa mwisho.

Kufungua kuna bei yake hata kama hakuna kilichoharibika ndani. Injini ya dizeli ikishavuliwa hedi, gasketi ile haitumiki tena. Boli za hedi, kwenye injini nyingi za kisasa, hurefuka zikikazwa, kwa hiyo zinapaswa kupimwa au kubadilishwa. Oili humwagwa, maji ya rejeta humwagwa, mabomba ya nozeli hulegezwa, na kila kiungo kilichokuwa kimekaa kimya kwa miaka hupata nafasi ya kuanza kuvuja. Kisha kuna gharama ambayo haionekani kwenye risiti yoyote. Gari lililofunguliwa haliwezi kuondoka. Hedi iko juu ya gunia, boli ziko ndani ya mkebe wa rangi, na mwenye gari akishtushwa na bei hawezi kushukuru na kuvuka barabara kwenda gereji ya jirani. Bei inayozungumzwa wakati huo haizungumzwi na watu wawili walio sawa. Nadhani nusu ya malalamiko tunayowatupia mafundi yanatoka hapa: tulikubali bei tukiwa hatuna pa kwenda, halafu tukaita wizi.

Sasa kuna waya. Ni kamera ndogo iliyofungwa kwenye ncha ya waya wa mita moja au zaidi, unene wake milimita 5.5 kwa zile nyembamba zinazouzwa sana, ikizungukwa na vitaa vidogo vya kumulika. Upande wa pili unachomekwa kwenye simu. Katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi na kwa wauzaji wa mtandaoni, ya kawaida hupatikana kwa bei iliyo chini ya ile ya mtungi wa lita 5 wa oili nzuri. Mafundi wa mabomba ya maji wanayo. Vijana wanaotengeneza simu wanayo. Gereji nyingi za magari bado hazina, na ninapouliza kwa nini, jibu huwa halihusu bei ya waya. Nitalirudia jibu hilo, kwa kuwa ndilo lililonifanya niandike.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1921 daktari mmoja wa Philadelphia, George Crampton, aliitengenezea kampuni ya Westinghouse bomba lenye lenzi na taa la kuchungulia ndani ya tabaini za mvuke bila kuzivunja. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan, alitumia nyuzi za kioo kuchungulia tumbo la binadamu. Tangu hapo mashine na wagonjwa wamekuwa wakiazimana vifaa. Injini za ndege za tabaini leo huundwa zikiwa na matundu maalumu ya kuingizia kamera, na fundi wa ndege hafungui injini kabla ya kuchungulia. Kuna kichekesho hapo. Miraa inayopelekwa Mogadishu kutoka Nairobi hupakiwa kwenye ndege ambazo injini zake hukaguliwa hivyo, lakini pikapu iliyoifikisha uwanjani ikianza kutoa moshi hukaguliwa kwa spana na matumaini.

Pikapu hizo ndizo ninazozifikiria zaidi, pamoja na matatu za Hiace zinazokimbia njia ile ile ya Meru hadi Nairobi. Makutano ni mbili katika safari yao. Ya juu ni hii ya Meru mjini. Ya chini ni pale ambapo barabara ya kutoka Embu, ikishapita mashamba ya mpunga ya Mwea, huungana na ile inayotoka Nyeri kuelekea Thika na Nairobi. Katikati kuna Nkubu, Nithi, Chuka na Embu, na mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya, kila mto na bonde lake la kushuka na kupanda. Miraa ikishakatwa Igembe, thamani yake huhesabiwa kwa saa. Masoko yamefungwa na kufunguliwa, Uingereza ikaipiga marufuku mwaka 2014, Somalia ikafunga mlango Machi 2020 na kuufungua tena Julai 2022, lakini sijasikia dereva aliyeambiwa apunguze mwendo.

Barabara hiyo ni mtihani mgumu kwa turbo. Kifaa hiki ni magurudumu mawili ya mapanga yaliyoshikwa na shafti moja: moja husukumwa na moshi unaotoka, jingine husukuma hewa inayoingia. Mswisi Alfred Büchi alikiandikishia hataza mwaka 1905. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha injini hadi kilele cha Pikes Peak, zaidi ya mita 4,300 juu ya usawa wa bahari, kuonyesha kwamba turbo huirudishia injini pumzi inayopotea hewa ikiwa nyepesi. Dereva anayepandisha mzigo kuelekea Timau hahitaji kuelezwa zaidi. Asichoelezwa mara nyingi ni kwamba shafti ile huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoizuia isiguse chuma ni utando mwembamba wa oili tu. Akipanda kutoka Nithi kwa gia nzito, turbo ikiwa moto mkali, kisha akafika Chuka na kuzima injini papo hapo ili akanywe chai, oili iliyobaki ndani huungua na kuwa masizi. Dakika moja au mbili za kuiacha injini ingurume polepole zingetosha. Lakini nani amewahi kumlipa dereva kwa kungoja?

Turbo haifi kwa njia moja, na hapa ndipo waya unapostahili bei yake. Ikifa kwa vumbi, kwa sababu kichujio cha hewa kilipulizwa kwa upepo mara nyingi mpaka kikatoboka, mapanga ya upande wa hewa huliwa kingo taratibu, yakawa membamba na laini. Ikifa kwa kitu kigumu, nati iliyoachwa kwenye bomba au kipande cha ringi kilichotoka ndani ya silinda, mapanga hupinda na kumeguka. Ikifa kwa kukosa oili, shafti hulegea na mapanga hukwangua nyumba yake, yakaacha ukanda unaong'aa ukutani. Vifo vitatu vyenye sababu tatu, na kila kimoja kina dawa yake. Kuviona vyote hakuhitaji kufungua injini. Mara nyingi bisibisi moja hutosha: legeza kibano cha bomba la hewa kabla ya turbo, ingiza kamera, zungusha gurudumu kwa kidole, tazama panga baada ya panga. Upande wa moshi una kazi zaidi kwa kuwa boli zake hushika kutu, lakini huko ndiko utakakoona kama vile vibawa vidogo vinavyoelekeza moshi vimekwamishwa na masizi.

Wengi hawafanyi hivyo. Turbo ikipiga kelele, hununuliwa nyingine, iwe mpya, iwe iliyotumika Japani, iwe iliyokarabatiwa Kirinyaga Road, Nairobi. Hufungwa, gari huondoka, na baada ya majuma machache inakufa ya pili. Fundi husema spea ilikuwa feki. Muuza spea husema fundi hakuifunga vizuri. Mwenye gari hulipa mara mbili, na chanzo kimebaki ndani kikisubiri ya tatu.

Chukua injini za D4D za Toyota, ile ya lita 3.0 hasa, zilizojaa katika Hilux, Prado na Hiace za miaka ya 2005 hadi 2015. Ugonjwa wake unajulikana. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba. Washa hiyo ikichoka, moshi wa mwako hupenya kwenda juu ya hedi, huchanganyika na oili na kuifanya uji mweusi. Uji huo huteremka mpaka kwenye sampu na kuziba wavu ambao pampu hunyonyea oili. Turbo ndiyo ya kwanza kulia, kwa kuwa haina uvumilivu. Kranki hufuata. Ukibadilisha turbo bila kutazama wavu ule, umemleta mtu wa pili kwenye chumba kisicho na hewa. Na wavu unatazamika! Siku ya kumwaga oili, boli ya sampu ikiwa imetoka na oili ikiwa imeisha kudondoka, kamera nyembamba huingia katika tundu lile lile, na kwenye simu unauona wavu ukiwa msafi au ukiwa umefunikwa na makaa. Wenye Prado na Hilux huko Australia wamefanya ukaguzi huu kuwa desturi ya sevisi. Hapa kwetu magari ni yale yale, na oili humwagwa vile vile, lakini boli hurudishwa bila mtu kuchungulia.

Ndani ya silinda nako kuna mengi ya kuona. Kwenye injini ya petroli toa plagi, ingiza waya. Ukuta wenye afya huwa bado na mistari myembamba inayopishana, iliyochorwa kiwandani ili ishike oili. Mistari hiyo ikiwa imefutika, au kukiwa na michubuko mirefu ya kwenda juu na chini, una habari. Pistoni moja ikiwa safi kama imeoshwa huku jirani zake zikiwa na masizi, shuku maji ya rejeta yanayopenya kutoka kwenye gasketi. Valvu iliyoungua ukingo huonekana. Pistoni iliyopasuka huonekana pia, na kwenye baadhi ya D4D jambo hilo si geni.

Sasa niseme upande wa pili, maana nimewaona watu wanaoishangilia kamera hii kana kwamba ni nabii. Kamera ya bei rahisi hudanganya. Kwanza huona vizuri umbali fulani tu, sentimita chache. Karibu zaidi ya hapo kila kitu ni ukungu. Vitaa vyake hung'aa kwenye chuma chenye oili na kutengeneza vivuli ambavyo havipo. Mkwaruzo ambao ukucha usingeunasa huonekana kwenye skrini ya simu ukiwa mtaro. Injini nyingi zisizo na hatia zinaweza kuhukumiwa kifo kwa picha moja ya karibu mno. Nyingi kati ya kamera hizi hutazama mbele tu, na ukuta wa silinda uko pembeni, kwa hiyo unahitaji kioo kidogo cha kuvalisha kwenye ncha au kamera yenye jicho la pili ubavuni, na mkono uliokwisha kuzoea.

Halafu kuna visivyoonekana kabisa. Shafti ya turbo iliyolegea haipigwi picha. Hushikwa kwa vidole na kutikiswa. Ringi zilizochoka hazipigwi picha. Hupimwa kwa geji ya kompreshoni, au kwa kusukuma upepo ndani ya silinda na kusikiliza unatokea wapi. Kamera haichukui nafasi ya vipimo hivyo, hukuambia tu uanze na kipi.

Kwenye dizeli kuna mtego zaidi. Njia ya kuingilia ni tundu la nozeli au la hita plagi, na hita plagi iliyokaa miaka mingi hupenda kukatikia ndani ya hedi. Fundi atakayeivuta kwa pupa injini ikiwa baridi, ili tu apate kuchungulia, anaweza kusababisha uvuaji wa hedi ambao kamera ilikuja kuuzuia. Tundu lenyewe mara nyingi ni jembamba mno hata kwa hiyo milimita 5.5. Ndiyo maana nasema kwenye dizeli anza na bomba la turbo, kisha sampu, na silinda ije mwisho, siku ambayo nozeli zinatolewa kwa sababu nyingine.

Nirudi kwenye jibu la mafundi. Ukiwauliza kwa nini hawana kamera, mzee wa gereji atakuambia kwa upole: "Nikimwonyesha mteja kwamba injini yake haina shida, mimi nimekula nini?"

Hilo ndilo tatizo lote, na fundi ana haki. Sisi wenye magari tumezoea kulipia spea na kulipia mikono. Hatulipii kutazama. Fundi akitumia saa nzima kuchunguza na kukuambia kibano cha bomba kimelegea, unampa shilingi mia ya chai na kumwambia Mungu ambariki. Akifungua injini yote akapata tatizo lile lile, unamlipa maelfu. Tumemfundisha wenyewe kwamba mkate wake uko ndani ya kufungua, kisha tunashangaa anapofungua. Kumpa kamera bila kubadilisha malipo ni kumtaka anunue kwa pesa yake kifaa cha kupunguza kipato chake.

Hospitalini tulishalielewa hili. Ukienda kliniki ya hapa mjini na homa, unalipia kipimo cha malaria kabla ya dawa, na kipimo kikionyesha huna malaria huombi kurudishiwa pesa. Unaondoka umefurahi. Kwa nini injini, ambayo kwa wengi wetu ndiyo mali ya pili kwa thamani baada ya shamba, ianze na upasuaji?

Tena sheria haijamzuia fundi kulipwa kwa kutazama. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari. Inataka mteja apewe makadirio kabla ya kazi, inamruhusu fundi kutoza ada ya makadirio hayo mradi aitaje mapema, na inampa mteja haki ya kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Sijaona gereji Makutano, ya juu wala ya chini, iliyobandika ada hiyo ukutani. Wanasheria waliiandika kwa ajili ya gereji zenye vioo na mapokezi, labda, lakini haisemi kwamba gereji ya mabati imeachwa nje.

Basi ada iwepo. Mimi ningetoa shilingi 1,000 kwa ukaguzi wa turbo na bomba lake, na zaidi kwa silinda, kwa kuwa kazi ni zaidi. Kwa pesa hiyo nataka video badala ya maneno. Na video yenyewe ianze kwenye namba ya gari, ifuate mkono wa fundi hadi kwenye bomba, iingie ndani bila kukatwa. Nasisitiza hilo kwa sababu njia mpya ya udanganyifu imeshaonekana kwa macho ya yeyote mwenye akili: silinda zote hufanana, na fundi mwenye hila anaweza kuwaonyesha wateja kumi video ya pistoni moja iliyopasuka. Simama hapo, simu iwe yako, video ibaki kwako. Ukiwa na video unaweza kuvuka barabara na kumwonyesha fundi mwingine, gari likiwa bado lina magurudumu yake na injini iliyofungwa.

Mafundi wakubwa watanuna kidogo. Heshima yao imejengwa juu ya sikio, kusikiliza injini na kutaja ugonjwa, na wengine wana sikio ambalo hakuna kifaa kitakachoshindana nalo. Lakini ni hao hao watakaofaidika, kwa kuwa picha bila mtu wa kuisoma ni picha tu. Kijana aliyetoka Meru National Polytechnic mwaka jana anaweza kuingiza waya haraka kuliko mwalimu wake. Kujua kwamba mkwaruzo ule ni wa kawaida kwa gari lililotembea kilomita laki tatu ni kazi ya aliyefungua mamia. Ningependa kuona mitihani ya ufundi ya mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, ikimpa mtahiniwa picha za ndani ya silinda na kumwuliza anaona nini, na kipi hawezi kukijua kwa picha hiyo. Swali la pili ndilo gumu.

Wanunuzi wa magari yaliyotumika wana sababu kubwa zaidi ya kulipia ukaguzi huu. Kanuni yetu huruhusu kuingiza magari yasiyozidi miaka 8, na ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa huangalia kama gari linafaa barabarani, bila kuchungulia ndani ya silinda. Pikapu iliyozungushwa njia ya miraa kwa miaka mitatu kisha ikapakwa rangi upya nayo huuzwa bila kuchunguliwa humo. Watu hutoa mamia ya maelfu ya shilingi, wengine kwa mkopo wa sacco, baada ya kupiga teke tairi na kusikiliza injini iliyopashwa moto asubuhi na muuzaji.

Kuna wanaopendekeza kwamba ada ya kutazama ikatwe kwenye bili mteja akitengenezea gari hapo hapo. Linasikika kama jambo la ukarimu, na gereji za wafanyabiashara wajanja tayari hufanya hivyo kwa kompyuta za kusomea hitilafu. Mimi nalipinga. Ada ikikatwa, aliyetazama anarudi kula kutokana na kile alichokiona, na macho yake yataanza tena kuona mikwaruzo. Alipwe kiasi kile kile akikuta pistoni imepasuka au akikuta injini haina neno, na asiyetaka kutengenezea kwake aondoke na gari lake na video yake bila kununiana.